Oili ya Mashineni

"Shemeji, hii ni oili ya cherehani," Seni alisema, akatema mate karibu na miguu yangu.

Alikuwa amechovya kidole kwenye debe nililopata kwa fundi Andendekisye wa Soweto, Mbeya. Yeye aliletewa kutoka migodini Zambia. Haikuwa oili ya kuchimbwa ardhini. Ilitengenezwa kiwandani, nyepesi, rangi ya asali. Fundi aliniambia: "Mama, lori lako lina tabo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini. Kinapata moto kuliko jiko la mkaa. Tena huko Igowole baridi ni kali, asubuhi oili nzito inachelewa kukifikia, kinasagika kikavu. Hii inafika upesi. Usichanganye na nyingine."

Seni ni mdogo wa marehemu mume wangu, Masunga, na ndiye aliyekuwa akiendesha lori alilotuachia. Baada ya matanga, mwaka 1977, wazee wa ukoo walikaa wakasema lori libaki kwa mjane alimradi linatembea. Likifa mikononi mwangu, linarudi kwao. Seni alilisikia neno hilo kama mimi nilivyolisikia.

Nilipopanda naye kupeleka mchele Igowole, sikumruhusu kuzima injini mara tufikapo. Nilisali kwanza fungu moja la rozari, injini ikiunguruma, ili tabo ipoe. Seni aliwaambia wachukuzi waliokuwa wakingoja, akicheka: "Tulieni, injini inaombewa. Mhehe huyu ataibatiza."

Mwezi wa sita nilikwenda Iringa kumuuguza dada yangu Apolonia. Niliporudi nyumbani Ubaruku baada ya siku tisa, nilikuta wazee wamekaa uani kwangu, na lori limesimama mbele yao.

"Asubuhi kule Igowole lilipiga mluzi, likaanza moshi wa bluu," Seni alikuwa akiwaeleza. "Nimelileta kwa kulibembeleza. Tabo imekufa. Si nilisema? Oili ya huyu mwanamke imeua lori la kaka yangu."

Mzee Kashindye, baba mkubwa wa mume wangu, hakunitazama usoni. "Mkamwana, tulikubaliana. Lete ufunguo ulionao."

"Nitauleta, Baba. Ila kwanza oili imwagwe mbele yenu."

"Ya nini?" Seni alifoka. "Wewe fundi? Darasa la nne, halafu mwanamke!"

"Kama oili yangu ndiyo imeua, wazee wataiona."

Niliweka beseni jeupe chini ya injini, nikalala chali juu ya kanga yangu, nikafungua nati kwa spana. Haikutoka rangi ya asali. Ilitoka nyeusi, taratibu, kama uji wa ulezi uliopoa, na juu yake zikaelea pumba za mpunga.

Pipa la oili ya mashine ya kukoboa hukaa wazi mchana kutwa, pumba zinaingia humo. Hakuna mtu wa Ubaruku asiyelijua.

Mzee alichovya vidole, akavisugua, akanusa. "Hii ni ya mashineni."

"Ilipungua njiani, Baba. Niliongeza kidogo tu."

"Kidogo? Humu ile nyepesi iko wapi?"

Seni alinigeukia mimi. "Mchawi wewe! Ulimla kaka, sasa unanitaka mimi."

Hakuna mzee aliyemkemea. Mzee Kashindye alisimama akakung'uta kanzu. "Lori limekufa mikononi mwako, Seni, si mwake. Libaki kwake." Wakaondoka wote, chai yangu hawakuigusa.

Seni alibaki. "Sasa unanifukuza kwenye lori la kaka yangu? Padri wako si anafundisha kusamehe?"

"Kusamehe nitasamehe, nimeamriwa. Ufunguo uache."

Aliutoa mfukoni, akautupa ndani ya beseni, oili ikanirukia kifuani. Nilikunja mkono wa gauni, nikaingiza mkono, nikautafuta mpaka nikaupata.