Zamu ya Muthoki

Siku mke wangu Muthoki alipofariki, nyumba yetu ilijaa maziwa. Alianguka darasani mbele ya watoto wake wa chekechea, na kabla gari halijafika Kitui mjini alikuwa ameshatuacha. Mimi nilipigiwa simu nikiwa karakanani kwangu hapa Kwa Vonza, nachomelea geti la mtu. Niliporudi nyumbani bila yeye, akina mama walikuwa wameshafika, na kila mmoja amebeba alichopata: sukari, unga, na zaidi ya vyote maziwa. Yalikuwa kwenye mitungi, kwenye vibuyu na kwenye chupa za soda. Kwetu mtu haendi kwenye matanga mikono mitupu, na waombolezaji lazima wanywe chai.

Binti yetu Kanini, mwenye miaka tisa, alisimama mlangoni akiwa bado na sare ya shule. Kila mgeni alimwambia, "Asante. Lakini sisi hatunywi maziwa." Akina mama walidhani ni uchungu unaomsemesha. Haukuwa uchungu. Ilikuwa kweli.

Naandika haya ili watoto wakikua wayakute mazima.

Mambo ya chakula yalianza na Muindi, kitindamimba wetu. Kila alipokunywa maziwa au kula yai, ngozi ilimvimba na kifua kikapiga filimbi. Daktari akasema tuviache. Krismasi iliyofuata Kanini naye akakataa nyama, kwa sababu mbuzi tuliyemchinja alikuwa amemlea yeye mwenyewe tangu mama wa mbuzi huyo afe. Tulimbembeleza, tukamkaripia, wapi.

Muthoki alikuwa mwalimu, tena mkulima, tena mwanachama wa mwethya, kikundi cha wanawake wanaochimbiana mashamba kwa zamu. Hakubishana na mtoto. Alisema tu, "Mimi sina mikono minne. Chungu hapa ni kimoja. Anayetaka kingine akipike." Basi nyumba nzima ikaacha nyama, maziwa na mayai. Hakukuwa na dini wala kitabu ndani yake. Mama wa nyumba hakuwa na wakati wa kupika mara mbili.

Mimi nilizoea polepole. Siku za soko wenzangu walinikatia nyama choma, nami sikukataa. Nikifika nyumbani Muthoki alinusa shati langu na kusema, "Naona mbuzi wamekusalimia." Kisha alinipa maji ya kunawa kama siku zote.

Baada ya mazishi, mama mkwe alibaki siku chache. Kwao ni Kilungu, upande wa Makueni, kwenye vilima vya ndizi na maparachichi. Yeye bado anashika nthoni, ile haya ya Wakamba kati ya mkwe na mkwe. Wengi siku hizi wameiacha, yeye hajaiacha. Haingii ninapokaa, hali chakula mbele yangu, na akiwa na neno la kuniambia analipitishia kwa mtoto, hata nikiwa hatua chache kutoka kwake. Asubuhi ya kuondoka alisimama chini ya paa la ghala akiwa amenipa mgongo.

"Kanini, mwambie baba yako hivi. Mwanamume anayeshinda na vyuma hawezi kulea watoto wasiokula nyama. Nyama ni rahisi, unaitupa kwenye moto. Vyakula vya hawa vinataka mtu wa kukaa navyo."

Kanini, anayemwita bibi yake Susu, akanigeukia. "Baba, Susu anasema—"

"Nimesikia. Mwambie Susu nitajaribu."

"Susu, anasema—"

"Kwani masikio yangu ni ya mawe? Mwambie ajaribu mpaka shule zifungwe Agosti. Nikija nikute shamba halijaguswa, nawachukua nyinyi wote wawili. Kilungu kuna maji. Hapa bila mitaro hakuna ndengu, na bila ndengu mtakula nini? Misumari?"

Alisema kweli. Shamba letu liko kwenye mteremko, na mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imebomoa mitaro ya kuzuia maji na kubeba udongo. Tunachokula sisi ni ndengu, kunde, mbaazi na mahindi, na vyote hutoka hapo. Kununua dukani mwaka mzima nisingeweza. Kuchimba peke yangu jioni baada ya kazi nisingemaliza hata kwa miaka miwili. Kama mitaro haingekuwepo kabla ya mvua ya Novemba, watoto wangu wangelala Kilungu.

Wiki zile za kwanza nilipika vibaya. Maharagwe yangu yalilia kwenye sahani kama kokoto. Kanini ndiye aliyenionyesha alichokuwa akifanya mama yake: asubuhi unatia ndengu kwenye thermos, unamimina maji yanayochemka, unafunga, unaenda kazini. Ukirudi zimelainika, unazikaanga kwa kitunguu na nyanya, na mtoto anakula kabla hajasinzia. Nilishangaa kwamba nilikuwa nimeishi karibu na thermos ile miaka yote nikidhani ni ya chai.

Jirani yetu Abdiya, mwenye duka, watu wake ni wa upande wa Garissa. Siku ya matanga alikuwa ameleta maziwa, na Kanini akamjibu kama wengine. Hakununa. Ijumaa iliyofuata alikuja na bakuli limefunikwa.

"Baba Kanini, hii ni ambulo. Maharagwe yetu yale madogo, na sukari, na mafuta ya simsim. Nyumbani tunatia samli, lakini ya leo haina. Wallahi nimeosha mpaka mwiko."

Muindi alilamba bakuli. Tangu hapo Ijumaa sikupika.

Mwezi wa Julai akaja Kalunde, mwenyekiti wa mwethya. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Alikaa kwenye gogo nje ya karakana akasubiri nizime mashine.

"Baba Kanini, zamu ya Muthoki haikuzikwa naye. Alichimba kwetu sote, kwake ilikuwa haijafika. Shule zikifungwa, Alhamisi ya kwanza, tuko kwako."

Nilimshukuru.

"Umetafuta mbuzi?" akauliza.

"Kwetu hatuchinji, mwenyekiti."

"Hamchinji. Sawa. Basi nyama ya bucha."

"Wala hiyo. Wala maziwa ya chai."

Kalunde alinitazama kama anayetazama tairi lililopasuka. "Muthoki nilimpenda, Mungu anajua. Lakini hawa wanawake watakuwa wanavunja mawe. Ukiwapa strungi isiyo na maziwa saa nne, saa tano utabaki shambani na kivuli chako. Sitaweza kuwazuia. Nunua mbuzi, watoto wako wale vyao kando."

Ningeweza kununua. Usiku ule na siku zilizofuata nililiwaza. Lakini nilijijua: chungu kimoja kilikuwa kikinishinda, cha pili kingeniangusha. Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia Kalunde. Mengi ya Muthoki yalikuwa yamesimama. Darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine. Nguo zake dada zake walikuwa wamegawana. Chungu chake tu ndicho kilichokuwa kinachemka kila jioni kama alivyokiacha, na sikutaka niwe mimi wa kukiondoa motoni.

"Njooni," nilimwambia tulipokutana tena. "Mtakula tunachokula."

"Haya," akasema. "Mimi nimekwambia."

Alhamisi ile wanawake walifika na majembe alfajiri, wakaanza kuchimba wakiimba. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria kubwa ya kuazima kanisani. Nilikuwa napika muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa maganda, pamoja na mbaazi. Kwa hofu kwamba hayatatosha, nilijaza mpaka karibu na ukingo. Jua lilipopanda yalianza kufura. Yakainua kifuniko, yakamwagika pande zote na kuzima moto, jikoni kukajaa moshi na mvuke. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza makaa, machozi yananitoka, niliposikia sauti nyuma ya ukuta wa mabati.

"Kanini! Nani anachoma nyumba?"

"Ni Baba, Susu. Anapika."

Mama mkwe alikuwa ameteremka kutoka Kilungu na gunia la maparachichi, amekuja kuchukua watoto kama alivyosema. Kuingia hakuweza, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Alisimama nje, na kati yetu palikuwa na bati moja tu lenye matundu ya misumari.

"Mwambie baba yako mahindi hufura. Apunguze nusu, aweke kwenye karai, asitupe hata punje."

"Baba, Susu anasema—"

"Napunguza."

"Mwambie aondoe majivu, awashe upya kwa kuni nyembamba. Na asikoroge! Nasikia mwiko. Anakoroga ya nini, ni saruji?"

"Mwambie Susu sikorogi."

"Anakoroga, Susu," Kanini akasema.

Niliweka mwiko chini.

Kisha, "Kanini, muulize baba yako hao wanawake watakunywa nini saa nne."

"Strungi," nikajibu moja kwa moja, halafu nikakumbuka adabu. "Mwambie strungi na mihogo."

Nyuma ya bati nilisikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikajua ananicheka, na ajabu ni kwamba kilinipa nguvu.

"Mwambie baba yako maji yameisha," akasema. "Achukue mtungi aende kisimani. Kile cha mbali. Asikimbie."

Pipa lilikuwa limejaa, sote tuliliona. Nilichukua mtungi nikaenda, sikukimbia. Niliporudi nilikohoa mbali kabla ya kufika, kama inavyopasa. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na sufuria ya pili motoni, uji wa wimbi mzito, na harufu ya ukwaju ilinifikia kabla sijavuka kizingiti. Muthokoi ilikuwa ikitokota taratibu. Mama mkwe alikuwa amerudi nyuma ya bati lake, anamenya mihogo, Muindi amemkalia miguuni.

Saa nne wanawake walipanda kutoka shambani, wamejaa vumbi.

"Chai iko wapi, Baba Kanini?" mmoja akapaza sauti. "Ama ng'ombe wako wamegoma?"

Wakacheka. Kanini aligawa uji kwa vikombe. Kalunde alionja. Akanywa kikombe chote bila kupumzika, akakinyoosha tena.

"Huu umepikwa na nani?"

"Susu wa Kilungu," Kanini akajibu.

"Nyanya yangu alitupikia hivi tukienda kuchimba. Wakati ule nani alikuwa na maziwa ya kumwaga kwenye chai?" Akawageukia wenzake. "Kunyweni, mnangoja nini? Mnangoja ng'ombe?"

Walirudi shambani wote. Nilihesabu migongo yao kwa macho mpaka wa mwisho, nikaingia jikoni kujificha kwa muda.

Mchana walikula muthokoi na mbaazi, kachumbari, na vipande vya parachichi vilivyokatwa vinene. Yule wa utani wa ng'ombe alipekua sahani yake kwa kijiko.

"Na nyama?"

"Imo humo," Kalunde akamwambia. "Nyamaza uitafute."

Aliitafuta mpaka sahani ikawa nyeupe, akaomba nyingine.

Jua lilipoanza kulala, mitaro ilikuwa imekamilika, isipokuwa ule wa chini kabisa uliokuta mwamba. Kalunde aliupiga teke. "Huo tumekuachia wewe na mashine zako." Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Alhamisi ijayo tuko kwa Mama Mumo. Uje mapema."

"Mimi? Lakini mwethya ni wa wanawake."

"Anayechimbiwa huchimba. Muthoki hayupo, wewe upo. Jembe halijui nani amevaa suruali."

Wakaondoka wakiimba, na wimbo wenyewe ulikuwa na jina langu ndani, pamoja na maneno fulani kuhusu mwanamume anayekoroga muthokoi. Kanini alikuwa amewasimulia.

Begi la watoto lilikuwa kibarazani, nilikuwa nimelifunga siku iliyotangulia, endapo angewachukua. Mama mkwe alilitazama kwa muda mrefu. Alitazama na shamba, mitaro mipya ikiwa imelala kwenye mteremko, udongo wake mwekundu bado una unyevu. Akamwita Kanini.

"Mwambie baba yako maparachichi yaliyobaki ni mabichi. Ayafunike kwenye unga yaive. Na hili begi mlirudishe ndani, litaliwa na mchwa."

"Baba, Susu anasema—"

Nililichukua begi. "Mwambie Susu asante. Mwambie asante kwa binti yake pia."

Kanini aligeuka kupeleka neno, lakini mama mkwe alikuwa ameshavuta leso usoni. "Mwambie nimesikia," akasema, akanipa mgongo, akaanza safari ya kurudi kwao.

Mvua ya Novemba ilikuja, mitaro ikashika maji. Ndengu zimeota. Watoto wanasoma hapa Kwa Vonza, na Alhamisi karakana yangu huwa imefungwa.