Pipa Lililofanana na Ngoma

Feni ilikuwa mbovu, kwa hiyo Napari alifungua madirisha, kelele za soko la Tamale, kaskazini mwa Ghana, zikaingia. Akampa Mama Memunatu simu. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa mtandaoni ambao mama huyo aliuandika mwenyewe kwa Kidagbani, lugha yao, kuhusu wanawake wa mtaani kwake wanaotengeneza mafuta ya kokwa za mti wa shea. Chini ya ukurasa kulikuwa na safu mpya ya vitufe vya kuhariria. Walioitengeneza walikuwa nchi ya mbali, wakitaka kujua kama watu wataielewa.

"Sikupimi wewe, Mama, tunapima vitufe," Napari alisema, kama alivyofundishwa. "Unachofikiria kiseme kwa sauti. Mimi sitakusaidia."

Sanatu, mdogo wake Memunatu, alikuja kumsindikiza. Alikaa kwenye benchi akimenya karanga. Jina lake lilikuwamo ukurasani.

"Dada, hukuandika kwamba nimezeeka?"

"Nimeandika una maneno mengi."

"Hilo wanalijua hata wasiosoma."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua jina moja na kulikoleza, lionekane kuliko mengine. Memunatu akachagua la Sanatu. Katika vitufe aliona kimoja cha mviringo mrefu, kimefunikwa juu, mistari imeshuka ubavuni.

"Hii ngoma," akasema kwa sauti. "Jina la mtu likitakiwa litukuke, hupigiwa ngoma." Akabonyeza.

Lilikuwa pipa la taka. Jina likafutika, na Sanatu naye akafutika pale kwenye benchi. Maganda ya karanga yakabaki.

Napari akaandika: amedhani alama ya kufuta ni ngoma.

"Mwanangu, kile kishale cha kurudisha kilichofutwa, kiko wapi siku hizi?"

"Wewe ungetarajia kiwe wapi, Mama?"

"Pale kilipokuwa."

"Sawa. Endelea kusema unachofikiria."

"Namfikiria mdogo wangu."

Napari alijua kilipo. Kilikuwa nyuma ya vitone vitatu, pembeni kabisa. Lakini mshiriki aliyeonyeshwa hahesabiwi, na jaribio lake hutupwa. Akatazama dirishani.

Memunatu akaliandika jina upya, herufi kwa herufi. Kwenye benchi akatokea Sanatu mwingine, msichana mwembamba asiyemjua. Akasalimia kwa adabu, akauliza mlango uko wapi, akashuka ngazi.

"Siye huyu," Memunatu alisema.

"Endelea, Mama."

Aliendelea kutafuta, akibonyeza hiki na kile, mpaka muda ukaisha. Napari akaichukua simu, akaufunga ukurasa. Ukishafungwa, kishale hakina tena cha kurudisha. Hilo Memunatu alilijua.

"Swali la mwisho. Kwa jumla, vitufe umevionaje?"

Memunatu alimtazama. Alikuwa mtoto wa watu, na shati lake limelowa jasho.

"Ni vizuri," akasema.

Napari akaandika: ameridhika.

Mvua zilipoanza, safu ile ya vitufe ilifika kwenye simu zote, pipa likiwa palepale. Memunatu bado anaandika. Jioni huketi na wenzake penye masufuria, simu mapajani, nao humwuliza amefika wapi. Ukurasa wake sasa hauna jina hata moja la kufutika. Mwanamke mmoja huponda, mwingine hukoroga, mwingine huchuja. Wote wapo.