Nyuma ya Tao la Wataliani

Kadi ya posta ya kwanza ilikuwa na picha ya mnara wa taa. Inspekta aliilaza mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikafika ukingoni upande wa Hared, kisha akaegemea kiti chake kama abiria aliyekwisha kulipa nauli.

"Mwambie mimi sijawahi kuuona mji wa Mogadishu," akaniambia. "Nasikia ni mzuri sana. Leo yeye atanitembeza. Tutapita pwani yote, jengo kwa jengo. Tukimaliza safari salama, anarudi kwa mbuzi wake. Akipotea njia..."

Hakumalizia. Akapuliza vumbi juu ya kadi.

Nikayageuza maneno yale kwa Kisomali. Hared akaichukua kadi kwa mikono yake miwili iliyofungwa pingu, akaitazama, akaigeuza chini juu, akaitazama tena. Picha nayo ina kusoma kwake, jamani. Mtu asiyefundishwa huona madoa meusi na meupe, basi.

"Hiki ni nini?" akaniuliza. "Kibuyu cha maziwa?"

Mlangoni, konstebo Awil akacheka puani.

Hapo ni Garissa, mwaka sitini na sita, katikati ya vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta, yaani majambazi, na ambavyo kwetu kila nyumba ilikuwa na jina lake kwavyo. Watu walikuwa wameanza kusombwa kutoka malishoni na kuwekwa kwenye vijiji vya seng'enge. Ukikutwa na bunduki, ni kifo. Ikisemwa tu kwamba ulikuwa pamoja na wenye bunduki, ulikuwa unakitazama kifo hicho kwa karibu. Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua ndefu, kituo kimoja cha polisi njia ya Bura kilishambuliwa, na mtu fulani akamtaja Hared. Yeye akasema hakuwepo. Wakati ule alikuwa Mogadishu na ngamia wawili, amepeleka samli na ngozi, maana njia ya biashara ilikuwa bado haijafungwa. Shahidi hakuwa naye. Alikuwa na maneno yake tu, na maneno yenyewe hayakufika mezani mpaka yapite kinywani mwangu.

Mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Shule yangu ni ya viraka. Kurani niliisoma nikaiacha katikati, Isiolo nikakaa darasani mpaka mwalimu akahamishwa, Kiswahili nikakiokota Lamu na Malindi nikibeba boriti. Siku wananipa kazi waliniuliza kama nimewahi kuvuka mpaka. Nikasema sijawahi. Nilikuwa nimekaa Hamar, ndivyo tunavyouita mji ule wa Mogadishu, zaidi ya mwaka mzima, nikisukuma mkokoteni kutoka forodhani hadi hoteli za Wataliani. Lakini mwaka ule mtu aliyefika Mogadishu hakujisifu nako, na mimi nilikuwa na njaa.

Jambo la pili hawakuniuliza, nami sikulisema. Hared alikuwa mume wa dada yangu, Qali.

Kwetu shemeji ni mtu mzito. Akiingia, unampisha mkeka. Humwachi asimame wewe umekaa. Asubuhi ile alipoletwa, alinitazama mara moja, akaelewa, na toka hapo akawa ananitazama kama unavyotazamwa mwimo wa mlango. Mimi nimekaa kitini karibu na meza ya inspekta, yeye amesimama na pingu, uji hajanywa. Nilikaa vile vile. Ningeinuka, tungekuwa wawili wenye pingu.

Nisingeweza hata kumwongezea neno. Awil alikuwa mtu wa Wajir, Kisomali ni cha kinywa cha mama yake. Aliwekwa pale mlangoni kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Hared. Kila nilichogeuza, alikipima.

"Ni mnara," nikamwambia Hared. "Wa kuwaonyesha mabaharia njia. Uko pale ufukweni."

"Ahaa. Huko sikufika. Wavuvi wanatupa matumbo ya papa upande ule. Ngamia wa bara akinusa harufu ile anakaa chini, hata umwashie moto mkiani hainuki."

Nikageuza. Inspekta akatikisa kichwa polepole, akaivuta kadi, akaiweka kushoto kwake.

Kadi ya pili ilikuwa jumba la kale la liwali wa Zanzibar, jeupe, limesimama karibu na maji. Hared aliikodolea macho mpaka machozi yakamlengalenga.

"Uso wake siujui," akasema. "Kama ni lile lenye ukuta wenye mfereji wa maji machafu, na punda mmoja mwenye donda hufungwa hapo, basi nimewahi kulala chini yake."

"Mfereji uko wapi hapa?" inspekta akauliza. "Punda yuko wapi? Mimi naona ngazi, naona bendera. Mwambie nauliza habari za jumba, sio za choo."

Kushoto.

Ya tatu, msikiti wa Ijumaa na mnara wake wa duara. Nikashusha pumzi. Mtu mwenye dini kama Hared hawezi kukosa msikiti.

"Niliswali ndani," akasema. "Lakini nje sikuangalia sana. Mji ule, ukiingia msikitini unaangalia viatu vyako."

Awil akacheka kwa sauti. Inspekta akataka aambiwe. Nilipomwambia, mdomo wake ukavutika upande mmoja, nikadhani tumepona. Kisha akaichukua kadi na kuiweka kushoto juu ya nyingine. Kulia kwake meza ilikuwa tupu.

"Kila mahali kuna viatu vya kuibwa," akasema. "Hata Nairobi."

Hakuwa mtu mkatili, huyo inspekta. Ningependa kusema alikuwa mkatili, hadithi ingekuwa nyepesi. Alikuwa kijana wa bara, nadhifu, anasugua kalamu kwa kitambaa, na kadi zile alizipata katika duka lililofungwa mjini. Alitaka kuujua ukweli kwa njia isiyo ya kumpiga mtu. Hiyo ndiyo njia aliyoibuni, na alijivunia.

"Sasa hili," akasema. "Hili hata kipofu angejigonga."

Lilikuwa tao la Wataliani. Kama hukupata kuliona, fikiria lango kubwa la mawe lisilofunga kitu, lenye minara miwili minene ubavuni na uwazi katikati, limesimama kwenye barabara ya pwani likiitazama bahari. Mtu yeyote aliyetoka forodhani alipita mbele yake. Mimi nimepita na mkokoteni mpaka mawe yake niliyajua kwa viraka.

Hared hakuhitaji muda.

"Mlango kama huu Hamar haupo."

Awil, kwa Kisomali, akamwambia, "Mzee, sema tu umeuona, twende tukale. Unatuchosha."

"Niseme nimeona nisichokiona? Wallahi sikuuona."

"Anasemaje?" inspekta akauliza.

Awil alikuwa ananitazama. Nikasema, "Anasema mlango kama huu haupo Mogadishu, afande."

Inspekta akakusanya kadi, akazigonga mezani ziwe sawa. Akafungua kalamu. "Basi safari imekwisha. Hajafika. Na kama wakati ule hakuwa Mogadishu, alikuwa porini. Peleka."

Awil akajitenga na mlango. Hared, ambaye hakujua hata neno moja la yale, aliona tu kalamu imefunguliwa, akanigeukia. Hakuniomba kitu. Alinitazama kama mtu anayengoja kusikia kama kisima kina maji au hakina.

Nikamwuliza upesi, kwa Kisomali, nikijua Awil anasikia: "Samli uliipeleka kwa nani? Asubuhi ulipita njia gani?"

"Kwa mama mmoja anaitwa Shurie, ana mlango mfupi, unaingia umeinama. Nilipita kwa nyuma, uchochoroni. Mbele haturuhusiwi na ngamia, polisi wao wana viboko. Mji wote ule mimi nimeuona kwa nyuma."

"Na uchochoroni kulikuwa na nini?"

"Wauza makaa." Akafikiri. "Watu wa ajabu wale. Wamekaa mafungu mawili, huku na huku, wamebanana kama mbuzi wa mvua, na katikati pamebaki jua tupu, hakuna anayekaa. Nikajua ni koo mbili zimekosana. Nikapitisha ngamia wangu pale katikati, nikisoma dua wasije wakanirushia mawe. Wakanicheka mpaka wakaangusha kahawa. Kesho yake wamekaa vile vile."

Nikaliona. Sikudanganyi, nililiona kama ninavyokuona wewe: jua la asubuhi linapanda kutoka baharini, linagonga tao usoni, na nyuma yake, uchochoroni, minara miwili inalaza chini vivuli viwili vipana, na kwenye uwazi wa katikati linapita jua kali la kukaanga yai. Wale wauza makaa hawakukosana. Walikuwa wamekaa kivulini. Hared alikuwa amepita katikati ya tao lile mara mbili, kwa kivuli chake kilicholala ardhini, na hakuliona.

Nilimgeuzia inspekta maneno ya Hared, yote, na ugomvi wa koo ndani yake. Akasikiliza kwa adabu. Hayakumwambia kitu.

"Wauza makaa wako kila mji," akasema. "Awil."

Hapo ndipo ningenyamaza. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeifanya kwa uaminifu, hata Awil angeshuhudia. Qali alikuwa na mimba ya miezi mingi. Nilimfikiria, halafu, nitasema kweli, nikajifikiria mimi, kwa muda mrefu zaidi.

"Afande," nikasema, "ni hilo tao. Amekiona kivuli chake."

Nikamweleza. Kalamu ikabaki hewani. Alielewa. Aliinuka, akachukua kibweta cha kiberiti na kidau cha wino, akavisimamisha kwenye dirisha, ambako jua la asubuhi lilikuwa linaingia, akaacha nafasi kati yavyo. Kwenye sakafu ya saruji vikalala vivuli viwili, na katikati ukanda wa mwanga. Akautazama muda mrefu. Awil naye akasogea. Hata Hared akanyoosha shingo, akatazama sakafu, kisha akatutazama sisi watu wazima watatu tunaotazama sakafu.

"Koo mbili," inspekta akasema taratibu. Akacheka kidogo, cheko la mtu mmoja peke yake. "Koo mbili zimekosana. Mtu hawezi kubuni hiyo."

Akarudi kitini. Akaichukua kadi ya tao, akaiweka kulia.

"Mfungue."

Awil alipokuwa anatafuta ufunguo, inspekta aliendelea kuitazama ile kadi. Akaigeuza nyuma, patupu. Akaigeuza mbele.

"Hapa hakuna uchochoro," akasema, bila kuinua macho. "Wala haisemi jua la asubuhi linatoka upande gani. Mimi nina kadi na nisingejua. Wewe mkalimani, nani alikuambia?"

Niliisikia pingu ikifunguka mkononi mwa Hared. Nilifikiria majibu mengi. Nilifikiria kusema ni Hared aliyesema, lakini Awil alikuwa pale. Tena nilikuwa nimechoka kukaa.

Nikasimama. "Nimeona mwenyewe, afande."

Pingu walizonivisha zilikuwa bado na joto lake.

Hared alibaki katikati ya chumba akizungusha vifundo vya mikono, hajui aende au abaki. Aliona nilivyosimama, aliona kiti kiko wazi, na niliuona mdomo wake ukianza kufunguka. Najua neno lililokuwa linakuja: shemeji. Nikamtangulia, kwa Kisomali: "Nenda nyumbani. Usinijue."

"Umemwambia nini?" inspekta akauliza.

Nikamtazama Awil. Awil alikuwa anakunja mnyororo wa funguo kidoleni, polepole, duara baada ya duara.

"Amemwambia aende, afande," akasema. "Basi."

Sikumwona tena Awil maishani, na nimewatafuta wengi. Nimelala Mandera na nimelala Tunduma, nimechunga mbuzi wa watu na nimelinda maghala ya watu. Wajir nilipita miaka mingi baadaye nikamwuliza. Waliniambia wanamjua Awil wa duka na Awil wa lori. Huyo wangu hapana.

Siku chache zilipita kabla hawajanipandisha lori pamoja na wengine, kwenda kufungwa ng'ambo ya mto, mbali na kwetu. Asubuhi tukasimama kwenye kizuizi cha Mto Tana. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Kando ya njia watu walikuwa wamesimamishwa na mbuzi wao wakingoja zamu ya kunywesha, na miongoni mwao nikamwona Qali, tumbo mbele, anakaza kamba ya chombo cha maji ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Hakuinua uso. Alikuwa ameshaniona.

Askari wa kizuizi alikuwa na mchezo wake. Akafungua turubai ya nyuma, akawageukia wachungaji. Wote walijua ukisema unamjua mtu wa lori, unapanda naye.

"Haya, nani ana ndugu humu? Wewe, mrefu. Unamjua huyu?"

Alikuwa anamwambia Hared, na fimbo imenielekea mimi. Hared akasogea mpaka karibu, akaniangalia usoni kwa utulivu, kama anayekagua dume la kununua. Sijui alijifunza kwa nani, wala kwa muda gani. Kilikuwa Kiswahili cha kwanza nilichowahi kumsikia akisema.

"Mimi hapana jua," akasema. "Huyu hapana jua kabisa."

Kisha akageuka, akamchukulia Qali chombo cha maji, wakashuka mtoni.