Hakuna Mhola

"Mia na themanini kwa mia na tano," nesi Specioza alisoma, akaufungua mkanda wa kipimo mkononi mwa Kwandu. "Mama, kwa presha hii sisaini. Kakae mahali patulivu dakika kumi na tano, urudi nikupime tena."

Kwandu aliikunja fomu yake ya afya. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kikiandikisha vibarua hadi saa kumi alasiri, na bila sahihi ya nesi, msimu wote ungempita hivi hivi. Lakini kukaa kimya robo saa nako ni kazi? Akatoka na matumaini.

Nje ya zahanati, kipaza sauti cha muuza dawa kilikuwa kikiimba tangu asubuhi: panya, kunguni, mende, viroboto. Akaenda kanisani, akakuta kwaya inajaribu spika mpya. Dukani kwa Anifa, muuza vitenge, alipewa kiti na maji ya kunywa. Hata hajameza, fundi wa mageti jirani akawasha mashine ya kukatia vyuma.

"Tumeshamlalamikia mpaka basi, shangazi," Anifa alipiga kelele ili asikike.

Ikabaki bustani mpya, karibu na ofisi za serikali. Kibao kilisema BUSTANI YA MAPUMZIKO. Kwandu akaketi kwenye benchi, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizisikia pumzi zake mwenyewe.

"Mwadila, mayu."

Alikuwa Masunga, mlinzi wa bustani, akimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Shwari tu! Kwandu alijichukia. Tangu asubuhi kila mtu anamuuliza mhola, naye anajibu mhola, huku masikio yanamvuma na kichwa kinagonga. Ndivyo alivyolelewa: ukisalimiwa, uko shwari, hata kama nyumba inaungua.

"Basi inuka, mayu. Hapa hapakaliwi."

"Si bustani ya mapumziko?"

"Haijazinduliwa. Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

Alirudi zahanati akitembea kwa hasira, na kipimo hakikuficha kitu: mia na tisini na mbili.

"Jamani, imepanda!" Specioza alishangaa. Alikuwa mgeni Bariadi, na Kisukuma chake kilikuwa neno moja tu. "Unajisikiaje lakini? Mhola?"

Jibu lilishafika mdomoni. Kwandu akalimeza.

"Hakuna mhola. Andika hivyo."

Specioza aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Hakuna pa kuandika hivyo, mama."

Kwandu akaiacha pale pale mezani. Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa bustanini tena, kwenye benchi lile lile, viatu amevua. Masunga akamjia mbio.

"Mayu, si nilishakwambia? Mgeni rasmi…"

"Mpigie simu," alisema Kwandu, akanyoosha miguu. "Mwambie nimeshazindua."