Nta Ubavuni mwa Injini

Kwetu Lusu nta inaziba kila kinachovuja, kuanzia mtungi mpaka ndoo ya plastiki. Kwa hiyo pikapu ya mama ilipoanza kudondosha maji ubavuni mwa injini, mimi Gerson, mwenye cheti changu cha kidato cha nne, nikabandika nta. Ikakaa wiki nzima. Nikajiona injinia.

Ikaachia siku mbaya kuliko zote. Nyuma tulikuwa tumepakia mizinga kumi na miwili ya mama, nyuki wakiwa ndani, milango imefungwa kwa wavu. Majirani walikuwa wanaanza kupulizia pamba dawa, nasi tukawakimbiza nyuki Ulyankulu, kwenye miombo. Mzinga uliofungwa hauvumilii jua. Ikifika saa sita bila kivuli, wanakufa wote.

Saa moja asubuhi, tukiwa njiani, mtaa wa Cheyo, mvuke ukafumuka chini ya boneti. Mama akashika rozari.

"Mama, usisali, tafuta fundi."

"Nasali ili fundi awepo, mjinga wewe."

Alikuwepo. Gereji ilikuwa hatua chache tu mbele, na mwenyewe, Fundi Viktori, alikuwa amezaliwa hukohuko Ulyankulu. Aliingia uvunguni, akatoka akinusa kidole.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii nini, mshumaa?"

"Nta."

"Kemia ulipata ngapi?"

"D."

"Walikuonea huruma."

Akatuonyesha. Ubavuni mwa injini kuna matundu yanayozibwa kwa vizibo vya bati, vya duara, kama vikombe vya watoto vya kuchezea. Maji yetu ya kisima, yenye chumvi, yalikuwa yametafuna viwili. Alifungua tairi ili mkono upite, akavichokoa kwa bisibisi, akasugua kutu kwa msasa, kisha akapekua kopo lake la vipuri mpaka akapata vipya vinavyolingana. Akakipaka cha kwanza gundi ya gasketi, akakiweka tunduni, akainua nyundo.

Ngo!

Mizinga yote kumi na miwili ikajibu kwa pamoja. Mfuniko mmoja ukacheza, nyuki watatu wakatoka, na mmoja akamchoma fundi kwenye kifundo cha mkono. Akagonga tena. Wakatoka saba.

"Nikigonga nyundo ishirini hivi, tutazikwa mtaa mzima," alisema.

"Tuishushe mizinga?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Watoto wanapita hapa kwenda shule."

Alikaa chini akinyonya mkono, nami nikaona safari imekwisha. Kisha akaenda ndani, akarudi na jeki ya chupa na kipande cha mninga. Akailaza jeki kati ya chesisi na injini, ule mti ukasukuma kizibo, akaanza kupampu taratibu. Hakuna kelele. Kizibo kikaingia kama kijiko kwenye uji.

Cha pili kiliingia upande. Akakitoa, akapaka upya, akaanza tena. Mimi nilikuwa juu, nalowesha magunia niliyofunikia mizinga, na kila nikichungulia naona mkono wake umezidi kuvimba. Hakutukana hata mara moja. Ningekuwa mimi, ningetukana mpaka malkia wao.

Alijaza maji safi, akawasha. Tukasubiri dakika kumi, mama amepiga magoti anatazama chini. Pakavu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Tukamlipa mbiombio, nikachukua na namba yake ya simu.

"Nendeni! Na wewe dogo, nta iwashe kanisani, isije huku."

Tulifika miomboni saa tano na robo. Tulishusha mizinga kivulini, mama akawa anaweka sikio kwenye mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ulikuwa kimya. Akaukwaruza kwa ukucha. Kimya. Akaukwaruza tena, na ndani wakanung'unika, kama watu walioamshwa Jumapili.

Nilimpigia fundi, nikaibandika simu kwenye mzinga.

"Nani huyo anakoroma?"

"Ndio wao, fundi. Mizinga yote kumi na miwili."

Mama akaninyang'anya simu. "Mwanangu, Mungu aubariki mkono wako."

"Upi, mama? Huu mnene?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilipochukua simu, utani niliuacha. Nikasema asante. Akasema haya, nami nikasema tena.