Jiwe la Keza Lisiliwe

Wewe mwenye binti mjamzito, nisikilize. Mwaka ule kambi za wakimbizi zilipojaa, jiwe jeusi lilianguka kutoka angani, likapasukia kwenye shamba langu la karanga hapa Keza. Akaja mtaalamu wa mawe, Danstan, amevaa glavu. Alituambia anatafuta fosforasi iliyoshikana na kaboni, maana vitu vya namna hiyo vimo hata katika miili yetu. Anataka kujua kama huko juu angani pia hujitengeneza.

"Mama, usiliguse. Hata jasho lako lina fosforasi, litanivurugia vipimo."

Akafunga kipande kikubwa, akakiweka kwenye debe chumbani kwangu, akaenda Ngara mjini kutafuta gari.

Jirani yangu Generoza alisikia nusu, akatangaza yote. "Kumbe ni jiwe la uhai! Mwenye mimba akilamba, mtoto anatoka na mifupa kama nondo!"

Binti yangu Avelina alikuwa na mimba ya kwanza, anatafuna udongo wa kichuguu kama wenzake. Narudi kutoka kisimani, namkuta kisu mkononi, debe liko wazi, unga mweusi ulimini.

"Tema!"

"Mama nawe! Si ulikula kichuguu ukiwa na mimba yangu?"

"Kichuguu nakijua, na bibi yako alikijua. Hili limekuja juzi, tutamuuliza nani habari zake? Tema!"

Akatema. Nikampa maji asukutue, tena na tena, mpaka akanuna.

Danstan aliporudi sikumficha. Akaligeuza jiwe, akaguna. "Upande huu ulimi umeshapita, hauna kazi tena. Nitapima ndani yake."

"Shika jiwe lako. Mjukuu wangu je?"

"Katema, usihofu sana. Ila lina madini mengi, sijui yangemfanya nini. Na fosforasi ninayotafuta ni chembe tu, dagaa wa kujaa kiganja wanayo nyingi zaidi. Mpeleke kliniki wamwangalie."

Nilimpeleka siku ileile. Muuguzi akasikiliza tumbo. Kisha akacheka. "Anapiga ngoma huyu!" Avelina akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Vipande vingine vilisambaa, vingine vimefika hata kambini. Ukiokota, kifunge kwenye kitu safi, mpelekee mwenyekiti wa kijiji. Asipewe mjamzito. Kupima kuna wenyewe, na hawapimi kwa ulimi wa binti yako.