Uchi Huu, Ninywe?

Mwaringa alicheka. Maneno yake ningeyavumilia, maana mtu akitamani shamba husema lolote. Lakini kile kicheko, mbele ya wazee wa Vitengeni, na binti yangu Everlyne ameketi mkekani na ujane wake, hakijanitoka moyoni hadi leo.

Everlyne alikuwa mke wa Karisa, ndugu yake Mwaringa. Karisa alipofariki, matanga hayajapoa vizuri, Mwaringa akaanza kusema kwamba Everlyne hakuwa mke. Ati alikuja tu. Ati hakuulizwa.

Kwetu Wagiriama hilo ni neno zito. Binti akiposwa, mnazi, ile pombe ya kugema, huletwa kwa baba yake, na baba hanywi mpaka amwite bintiye amuulize mbele ya watu: ninywe, nisinywe? Akisema kunywa, ameolewa. Akinyamaza, mnazi unarudi ulikotoka. Asiyeulizwa amekuja tu, na aliyekuja tu huambiwa aondoke tu. Ndivyo Mwaringa alivyotaka: Everlyne atoke kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, aache mahindi, aache minazi, arudi kwangu Matsangoni na watoto.

Mume wangu Mwambire alimuuliza Everlyne. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kiti chake. Lakini Mwambire ametangulia, mshenga naye ametangulia, mashahidi waliobaki ni ndugu zetu, na mimi niliposema wazee waliniambia kwa upole, "Wewe ni mama yake. Utasema nini kingine?"

Basi tukaleta DVD ya harusi. Mwalimu mmoja jirani yake Everlyne, ambaye hatukumwomba, alikuja na kompyuta yake ya mkononi kwa kuwa kule hakuna umeme. Wazee wakasogea. Tukamwona Mwambire ameshika mboko, kile kibuyu cha mnazi, mdomo wake unasema. Tukamwona Everlyne, mdomo wake unajibu. Lakini kilichosikika ni kwaya. Nyimbo tupu, na vinanda, mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo Mwaringa alipocheka.

"Wazee wanakunywa na kwaya inaimba," akasema. "Mbona hata juzi hapa wazee walikunywa, wakaimba na wao. Nani alioa?"

Watu wengine wakacheka pia. Everlyne akainamisha uso. Wazee wakasema tukutane tena Jumamosi, na kama hakuna jipya, watatoa neno lao.

Nilirudi Matsangoni nimefura. Pale stendi kuna kijana aitwaye Ndirangu, mtu wa bara, mwenye kibanda cha kompyuta. Huwawekea watu nyimbo kwenye simu, huchapa barua, hupiga picha za pasipoti. Nilimkuta na watu wanasubiri, lakini aliponiona alinyanyuka akanipa kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, shosho," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nataka unitolee sauti ya hii DVD. Picha sina haja nayo. Niwekee sauti kwenye simu."

"Hiyo ni kazi ndogo."

Akaitumbukiza, kompyuta ikanguruma, na baada ya muda akanivalisha vile vidude vya masikioni. Kwaya ikaniimbia. Nikavivua.

"Hizi ndizo nyimbo zilizotutia aibu," nikasema. Nadhani nilisema kwa ukali, maana waliokuwa wakisubiri waligeuka kunitazama. Ndirangu hakukasirika. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele yangu.

"Shosho, hebu niambie. Ni neno gani hasa unalolitafuta humo ndani?"

Nikamwambia yote: Karisa, Mwaringa, mnazi, swali la Mwambire. Alisikiliza huku akisugua kidevu. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akafungua mahali pengine.

"Ala. Hii DVD ina njia mbili za sauti," akasema. "Mimi nilichukua ya kwanza, kwa sababu kila mtu anayekuja hapa anataka ya kwanza. Picha ni moja, lakini sauti ziko mbili, moja iko nyuma ya nyingine. Hebu tujaribu hii ya pili."

Safari hii hakunivalisha vidude. Aliifungulia kwa spika.

Nikasikia kuku. Nikasikia mtoto analia, na mtu anaburuta benchi. Kisha Mwambire akakohoa. Ni kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo kubwa, nilichokisikia maisha yangu yote ya ndoa, na sikuwa nimekisikia tangu tumzike. Kisha akasema, kwa Kigiriama chake cha taratibu, "Everlyne mwanangu, uchi huu..."

Ndirangu akakizima chombo kwa haraka, uso umemwiva.

"Shosho, samahani," akasema. "Sijui kama hii inafaa kusikiwa hapa mbele ya watu."

"Kwa nini isifae?"

Akatazama chini. Nyuma yangu mtu mmoja akaanza kucheka. Alikuwa Hesbon, askari wa zamu kwenye hoteli moja ya Watamu, amekuja kuchajisha simu.

"Ndirangu anaogopa uchi," akasema Hesbon. "Umekaa pwani miaka yote hii na hujui? Uchi wa Wagiriama si huo wako. Ni mnazi. Hata mimi mwezi wa kwanza niliambiwa na mzee mmoja, njoo kwangu tunywe uchi, nikakimbia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Ndirangu akajishika kichwa.

"Kumbe uchi ndio ule mnazi wa kuuliza," akasema. "Si ungeniambia jina lake, shosho. Hata kwetu iko. Kwetu ni muratina. Msichana ndiye anaonja kwanza, halafu anampa baba yake. Asipoonja, wazee wanachukua kofia zao wanaenda nyumbani."

"Kwetu Bungoma ni busaa," Hesbon akasema. "Chungu kimoja katikati, kila mzee na mrija wake mrefu. Ukigombana na mtu, unatoa mrija wako. Hapo kila mtu anajua kuna neno."

Mama mmoja anaitwa Easter, aliyekuwa akisubiri picha zake, akadakia, "Na wale Waitaliano wa Malindi je? Mimi nimewapikia. Mtu huizungusha divai kwenye glasi, akanusa, akaonja tone moja, akafikiri, kisha ndipo akaitikia kwa kichwa."

"Anamuuliza nani?" akauliza Hesbon.

"Anajiuliza mwenyewe."

"Basi huyo hajaoa."

Walicheka tena. Ndirangu akawasha sauti, na safari hii wote wakasogea karibu.

"Everlyne mwanangu, uchi huu, ninywe, nisinywe?"

Kisha binti yangu, sauti ya usichana wake: "Kunywa, baba."

Vigelegele. Easter akanishika bega.

Nilikuwa nimefurahi, lakini hasira ilipanda juu ya ile furaha. Kama neno lilikuwepo, nani alilifunika? Kwenye kasha la DVD kulikuwa na namba ya simu ya mpiga picha, Cliff. Ndirangu akampigia kwa simu yake mwenyewe, akaniwekea sauti kubwa.

Cliff alikumbuka. Siku hizi yuko Malindi mjini. "Mama, mimi sikutaka," akasema. "Nilikuwa mgeni pwani. Nikisikiliza, nasikia mzee anamwambia binti yake uchi, uchi. Nikaogopa. Nikamuuliza kijana wako, yule wa kanisa. Akaniambia nifute hapo pote, niweke nyimbo. Kufuta nilishindwa. Sauti ya mzee wa watu haifutwi. Nikaweka nyimbo mbele, yeye nikamweka nyuma."

Yule wa kanisa ni mwanangu Phineas. Anakaa Kilifi, ni mzee wa kanisa lake, na ni mtoto mwema, sitamnyima hilo. Baba yake alipougua ni yeye aliyemwogesha. Lakini siku ile nilipompigia sikumsalimu.

"Phineas, ni wewe uliyefunika sauti ya baba yako kwa nyimbo?"

"Mama, ni mambo ya zamani."

"Nimekuuliza."

"Wenzangu wa kanisani walitaka kuitazama, mama. Wengi ni watu wa bara. Wasikie mzee wangu anamuuliza dada yangu habari za uchi? Na hata kama wangejua ni mnazi, ingekuwa afadhali? Ni pombe."

"Ungewaeleza maana yake."

"Niliona aibu."

"Ulimwonea aibu baba yako," nikasema, "na aibu hiyo sasa inamtoa dada yako nyumbani kwake. Alipoulizwa yeye hakuona aibu. Alijibu, watu wote wakamsikia. Wewe ukampa Mwaringa kitu cha kuchekea."

Nikakata simu. Mimi pia ni mtu wa kanisa, na mnazi siupendi, unaninukia. Lakini Mwambire hakuwa akilewa pale. Alikuwa akimpa mtoto wa kike nafasi ya kusema hapana. Mwenye kuona aibu ya hilo simwelewi, hata kama nimemzaa mimi.

Jumamosi tulikwenda Vitengeni. Ndirangu alikuwa ameniwekea sauti kwenye simu, akaniazima na spika yake ndogo, akanifundisha kuiwasha mara nyingi bila kuchoka. Phineas alikuja pia, akakaa nyuma. Sikumtazama.

Mwaringa alikuwa mchangamfu. "Leo tumeletewa kwaya gani?" akauliza.

Nikabonyeza.

Kuku, mtoto, benchi. Kikohozi. Wazee wawili waliomjua Mwambire walikaa wima. Swali likatoka, jibu likatoka, vigelegele vikatoka. Mzee wa mbele akainua mkono ili nizime, lakini kidole changu hakikuwahi, na sauti ikaendelea. Katikati ya zile kelele ikasikika sauti ya kijana, kubwa, imechangamka:

"Haya mzee, binti amekubali, tupitishie na sisi! Huyu sasa ni wetu!"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni sauti ya nani. Mwaringa alisema anaumwa kichwa. Kisha akasema siku ile alikuwa amelewa. Mzee wa mbele akamwambia, "Ulikuwa hujanywa bado. Ndiyo kwanza ulikuwa unaomba."

Sasa waliocheka hawakuwa wale wa mara ya kwanza tu. Mimi sikucheka. Nilimtazama huyu mtu, ambaye alikuwepo, alisikia kwa masikio yake, akaomba mnazi wa ndoa ile kwa mdomo wake, kisha akamwacha mjane wa ndugu yake ainamishe uso mbele ya watu. Wazee wakasema Everlyne ni mke, nyumba ni yake, shamba ni la watoto wa Karisa, na Mwaringa alete mnazi na mbuzi wa kumtuliza kwa kumtukana. Mwaringa akasema ndiyo, bila kumtazama. Everlyne akamwambia, "Shemeji, sema ukiniangalia." Akasema tena, akimwangalia.

Watu walipotawanyika, Phineas alinijia. Alikuwa amelia, nikaona.

"Mama, nitumie na mimi ile sauti."

Nilitaka kumwambia aende akasikilize nyimbo zake. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini ni mwanangu, na yeye pia hakuwa amesikia kikohozi kile tangu tumzike baba yake.

"Sikutumii," nikasema. "Kaa hapa. Tutaisikiliza mpaka mwisho, mimi na wewe na dada yako, kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Na baba yako akifika pa kunywa, usiinuke."

Akaketi mkekani, kando ya Everlyne. Nikabonyeza.